Pampu ya Moyo wa Mahendra

Pale mtaani Walukuba, kwenye benchi la Nasimiyu muuza kahawa, nafasi ya Mahendra ilikuwa wazi, na sababu ilijulikana. Asubuhi hiyo alikuwa apande ndege kwenda India kupasuliwa. Mishipa ya moyo wake ilikuwa imeziba na moyo wenyewe umechoka vibaya, kwa hiyo madaktari wangeuwekea pampu ndogo ya kuusaidia wakati wanaunga mishipa mingine. Wanyama, fundi wa magari, alikunywa kahawa bila hamu. Jana alimtania rafiki yake, akamwona anaondoka bila kuaga, na tangu hapo roho ilikuwa inamsuta.

— Saa hii Mahendra iko juu ya mawingu, alisema Wabwire, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Afande.

— Na umeme ikipotea katikati ya kupasua, je? aliuliza Nasimiyu.

— Hiyo pampu iko na betri, mama. Shida ni kurudi. Pale uwanja wa ndege Entebbe mashine ya kukagua italia, watamfungua kifua kama begi!

— Mimi nahurumia bibi yake, Lataben. Moyo ya pampu itamjua kweli?

— Itajua tu ile daktari ilifunga hiyo pampu!

Wakacheka. Wanyama hakucheka.

— Nyamazeni kidogo, bwana. Jana mimi nilimwambia, gari ukizoesha kusukumwa, haiwaki tena yenyewe. Nikasema moyo ni hivyo hivyo.

— Si ulikuwa unacheza? aliuliza Afande.

— Nilikuwa nacheza. Yeye aliinuka, akaenda.

Mara Dipti, binti Mahendra, akavuka barabara, macho mekundu. Walisogea kumpa nafasi, lakini hakukaa.

— Baba aliondoka salama? aliuliza Nasimiyu.

— Baba iko kitandani. Ndege imemwacha. Amekataa kutoka nyumbani.

— Amekataa!

— Daktari alimweleza, pampu ni ya siku chache, moyo ikipata nguvu wanaitoa. Akasema pia hii moyo haiwezi kungoja. Baba anajibu, Wanyama ametengeneza lori yangu miaka yote, hajanidanganya hata siku moja.

Akamgeukia fundi.

— Mzee Wanyama, wewe unajua nini juu ya moyo?

Afande alikohoa. Nasimiyu akashika kupangusa kikombe kilichokuwa safi. Wanyama alitamani ardhi immeze. Mwishowe alisimama, akamfuata Dipti kwenda kumwambia Mahendra kwamba yale yalikuwa utani tu.