Wimbo wa Harusi wa Maestro Tassinari

Benchi la nje ya baa ya Iole, hapa mtaani Garbatella, Roma, ndilo bunge lenyewe la Italia. Lile la mjini ni tawi tu. Mimi peke yangu nimekunywa hapa kahawa nyingi kuliko maji ya mto Tiber. Lakini asubuhi ile vikombe vilipoa bila kuguswa. Jana yake televisheni ilionyesha sinema ya zamani: jamaa anamnyonga mwanamke kwa soksi, na muziki unaopigwa ni uleule tuliooa nao mtaa mzima! Mtunzi mmoja, Maestro Tassinari wa ghorofa ya tatu. Na Jumamosi ndiye anayempigia kinanda harusini Nives, binti wa Otello mwenye bucha.

Otello: Mungu wangu! Mke wangu alijishika shingo. Miaka yote hiyo tumelala pamoja, jana kaniangalia kama jambazi!

Profesa (shule aliiona kwa nje): Punguza presha. Mzee katungia muziki sinema mia mbili: za farasi, za mapenzi, za mizimu. Mwenye sinema anataka muziki kesho asubuhi, utafanyaje? Unageuzageuza ulionao. Wote walifanya hivyo.

Otello: Kwa hiyo mwanangu anaolewa kwa kiporo?

Padri (tunamwita hivyo kwa vile kanisani hajulikani): Kiporo gani! Makusudi yale! Mchumba alimtosa, akawalaani maharusi wote wa Roma. Huoni wajane walivyojaa mtaani?

Mimi: Shangazi yangu aliucheza mara moja tu, akazika waume watano. Wa sita hata hakuwa mumewe, alikuwa anapita zake!

Otello akashika chuma cha benchi kufukuza mkosi, kashika kwa mikono yote miwili.

Hapo Maestro mwenyewe akashuka, gazeti kwapani, akaketi katikati yetu. Padri akajifanya anafunga kamba za viatu, na amevaa ndala.

Nyuma yake akaja Nives, rola za nywele kichwani, amevuka barabara bila kuangalia magari.

Nives: Maestro, za asubuhi. Nina swali moja tu.

Maestro: Uliza, binti yangu.

Nives: Ulitunga kwanza upi, wa kuoana au wa kunyongana?

Mzee akatutazama sisi, sisi tukatazama barabara. Vidole vyake vikaanza kupigapiga gotini, taratibu, wimbo uleule, na usoni kwake nikaona hata yeye hajui anapiga upi.

Nives akamgeukia baba yake, kama anayeuliza: Jumamosi upigwe au usipigwe?

Otello akakishika tena chuma cha benchi, kwa mikono yote miwili.