Mzee Kamba na Kengele ya Miaka Mia

Baada ya miaka thelathini na minane ya kufungua milango ya kanisa letu, kufagia, kuwasha mishumaa na kupiga kengele, Mzee Kamba anastaafu rasmi Jumapili hii, tarehe 14 Septemba. Misa ya kumuaga imepangwa, keki imeagizwa, kwaya imefanya mazoezi mpaka sauti zimekauka. Anayekosekana ni mwenyewe. Jumatatu iliyopita alimrudishia Baba Paroko funguo zote, akasema haji, wala hastahili kuagwa. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa kwaya, nimeombwa kuandika wasifu huu mapema, mkwewe amkabidhi mkononi kabla mtu mwingine hajausoma.

Tuanze mwanzo, maana mzee hapendi habari nusunusu. Kanisa letu limetimiza miaka mia mwaka huu, lakini jengo lenyewe lina umri mdogo kuliko kengele. Kengele ilitundikwa kwenye nguzo mbili za mbao wakati misa ikisomwa ndani ya kibanda cha nyasi, na upepo ulipobeba paa la kibanda, kengele ikabaki palepale. Bibi na babu zetu wakafyatua matofali, wakayachoma, wakayabeba vichwani kutoka mtoni. Siku jengo lilipobarikiwa, aliyevuta kamba alikuwa baba mzazi wa Mzee Kamba.

Naye alipoirithi ile kamba, aliishika kwelikweli, na jina la utani likamganda. Ole wako uiguse! Utasomewa tabia za ukoo wako wote hadi kwa babu mzaa babu.

Amefanya kazi na maparoko sita, na kila mmoja wao mzee alimfundisha kazi bila paroko mwenyewe kujua. Alikuwepo mmoja mwenye mahubiri marefu kama Kwaresima. Mzee hakumkosea adabu hata siku moja; alisimama tu nyuma ya kanisa akazichezesha funguo mfukoni, na mahubiri yakapata mwisho. Nyuki walipohamia kwenye kiti cha kitubio, aliweka viti viwili nje karibu na tangi la maji, akawaambia waumini waungame hapo hapo juani, mbele ya wachota maji. Baba Paroko wa wakati ule alikiri kwamba hajawahi kuona kijiji chenye dhambi chache namna ile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja ya katikati ya juma, Mzee Kamba alipiga kengele ya misa kama kawaida. Alivuta kamba kwa nguvu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani kuwasha mishumaa. Hakuna aliyekuja. Ndani walikuwemo Baba Paroko na shangazi yangu tu, ambaye huja kanisani hata kusipokuwa na misa. Mzee alilalamika siku nzima kwamba imani imekwisha duniani, watu wanapigiwa kengele mpaka mkono unataka kung'oka na bado wamelala fofofo. Kumbe ulimi wa kengele, kile chuma kinachogonga kwa ndani, ulikuwa umekatika na kuanguka majanini. Alikuwa amepiga kengele isiyolia, na hakujua.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba mzee wetu hasikii.

Halmashauri ya parokia ilikaa. Wapo waliosema, tena bila ubaya, kwamba apumzishwe na vinunuliwe vipaza sauti. Lakini ombi lake kila mtu alilijua: apige kengele ya miaka mia kwenye jengo ambalo baba yake alilipigia likibarikiwa, kisha akabidhi kamba. Ndiyo maana kila alipoulizwa mbona haitiki alikataa katakata kwenda hospitali, akisingizia mafua. Mafua ya mwaka mzima, jamani! Shangazi yangu ndiye aliyesimama akauliza, mtu huyu ametuita tangu wana wetu wakibatizwa, sisi tunashindwaje kumsikilizia? Wale wa vipaza sauti wenyewe ndio waliotangulia kuinua mikono, mzee abaki na kamba yake.

Basi, fundi wa baiskeli akauchomelea ule ulimi wa kengele, mzee akiwa kwenye chakula cha mchana. Baba Paroko akaanza kumwandikia matangazo, eti asije akasahau. Tukazoea kumsemesha tukimtazama usoni. Mimi nikapewa kitambaa cheupe cha kumpungia aache kupiga, tukamwambia ni utaratibu mpya wa liturujia. Kijiji hiki hakijawahi kutunza siri ya uchumba hata wiki moja, lakini hii tuliitunza.

Jumapili ya jubilei ikafika. Askofu amesimama mlangoni, maandamano yamepangwa, na Mzee Kamba anavuta kamba akiwa amefumba macho. Nilipunga kitambaa mara mbili, kisha nikakitumia kufutia machozi yangu. Hakuna aliyemgusa bega. Askofu naye alisubiri kama sisi wengine, mpaka mikono ya mzee ilipochoka yenyewe.

Kesho yake ndipo alipokwenda ofisini kwa Baba Paroko na funguo zile. Alisema kwamba kwa miaka miwili amelidanganya kanisa, kwamba masikio yalikwisha siku nyingi naye akaficha kwa kuitamani kamba, na mtu wa namna hiyo hafai kuagwa na watu wema. Baba Paroko alimjibu, tena kwa sauti kubwa, lakini mzee alikuwa ameshageuka na hakusikia kitu. Tangu siku hiyo amejifungia ndani.

Mzee wetu, jibu lile ndilo hili. Hukumdanganya mtu. Tulijua tangu asubuhi ile ya ulimi majanini, na tulikuficha kama ulivyotuficha. Ikiwa ni udanganyifu, basi tulidanganyana, na sisi ndio tulikuwa wengi. Tulifanya hivyo kwa sababu tunakupenda, na tulipaswa kukuambia zamani.

Asante kwa milango, kwa mishumaa, kwa ukali wako na kwa kila asubuhi uliyotuamsha. Tunakuombea uzee mtulivu, magoti yasiyouma na wajukuu wenye adabu. Jumapili usiiwazie kengele. Umetuita miaka yote hii nasi tukaja. Safari hii tunakufuata sisi, kanisa zima, Baba Paroko akitangulia, mpaka nyumbani kwako. Hatutapiga hodi, maana hutaisikia. Acha mlango wazi.