Bi Samiha Jumbe na Barua Iliyongoja Miaka Kumi na Sita

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Bi Samiha Jumbe, mtunza kitalu mkuu wa kituo chetu cha mbegu na miche hapa Maramba, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano na miezi minne kazini. Aliajiriwa Machi mosi 1990, kituo kikiwa na vyumba viwili, bomba moja la maji na choo kisicho na mlango. Mlango uliletwa baada ya yeye kugoma kuhudhuria vikao mpaka uje.

Ni mzaliwa wa Kigombe, akalelewa Ngamiani, mjini Tanga, kwa shangazi yake. Huko Ngamiani alijifunza mambo mawili yaliyotufaa sana: kuendesha baiskeli akiwa na baibui bila kunaswa na mnyororo, na kutoogopa mtu. Asichokizoea mpaka leo ni baridi ya mlimani. Sweta lake la kijani hulivaa hata Januari, wakati sisi wengine tunajipepea kwa majalada. Majalada hayo hutoka masjala, kwa mwandishi wa wasifu huu, ambaye ana jambo la kukiri hapo mbele.

Miche iliyopita mikononi mwake haihesabiki, lakini mpenzi wake ni mmoja: msambu, ule mti mrefu wa milima ya Usambara wenye matunda makubwa yanayoning'inia, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mbegu ya msambu ni mvivu. Unaweza kuifukia mwaka mzima ikakutazama tu. Mwaka 1996 panya buku walivamia stoo wakaiba nusu ya mbegu. Wenzake walitega mitego, yeye aliwafuata panya hao akachungulia walikozifukia. Alipoona zinaota upesi kuliko zetu, akapima kina cha mashimo na kuiga. Katika ripoti ya mwezi ule aliandika kwamba kazi ilifanyika kwa msaada wa wataalamu kutoka porini, na mpaka leo wapo wanaodhani tulitembelewa na wageni.

Jambo kubwa zaidi aliligundua kwa miguu. Njia ya kwenda msitu wa Kwemdimu, huku chini, ina kona saba za kupanda mlima, na Bi Samiha alikuwa akiandika kwenye daftari miche michanga ya msambu iliyojiotea yenyewe kila kona. Mwaka 1992 ilikuwapo kuanzia kona ya kwanza. Mwaka 1999 ikaanzia ya tatu. Ilipofika 2006, chini ya kona ya tano hapakuwa na mche hata mmoja, ingawa miti mikubwa bado ilisimama pale pale na wageni walikuwa wakiisifu. Vuli ilikuwa inachelewa, kiangazi kinarefuka, matunda yanaanguka machanga na mbegu zake tupu. Wazee wa msitu walikuwa hai, lakini hawakuwa na wajukuu. Msambu ulikuwa unapanda mlima kutafuta ubaridi, ila unabebwa na panya, na panya haendi mbali. Juu ya kona ya saba msitu unakatwa na mashamba. Hapo safari ilikuwa inaishia.

Basi mwaka 2009 Bi Samiha aliomba likizo. Tulidhani anakwenda Tanga kupumzika. Kumbe alifunga tenga kwenye baiskeli, akapakia miche sitini ya Kwemdimu, ishirini kila safari, akaisukuma mpaka Mnarani, huko juu kwenye shamba la iliki lililoachwa, akaipanda yote na kuipa namba.

Hakumwomba mtu ruhusa, na kanuni ya kituo ilikuwa wazi: mbegu ipandwe ilikookotwa. Ina busara yake kanuni hiyo, maana mti uliozoea joto unaweza kufia kwenye baridi. Mkuu wa kituo wakati ule, Bwana Edgar Mhina, mtu mwadilifu na mpole, hakuwa na budi. Ilitoka barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Na hapa ndipo penye kukiri: barua ile aliichapa mwandishi huyu, akiwa karani mpya, na aliifurahia. Wiki moja kabla Bi Samiha alikuwa amemcheka mbele ya watu kwa kumwagilia miche ya plastiki ya mapokezi.

Siku saba zikapita. Zikapita sabini. Kila mwaka jalada lake lilipofunguliwa ile barua ilikuwamo, haijajibiwa, na mara mbili ilimkosesha kupanda daraja. Mwandishi alikwenda kitaluni kumsihi aandike chochote, hata mistari miwili ya kuomba radhi. Jibu lilikuwa moja kila mara, huku akijaza udongo kwenye viriba vya kuoteshea miche: "Jawabu langu lingali changa, mwanangu. Likikomaa ntakuletea."

Kati ya miche sitini ilipona kumi na tisa. Msambu, kama mpapai, una dume na jike, na huwezi kujua mpaka uchanue. Mwaka 2019 wa kwanza ukachanua: dume. Wa pili: dume. Ilipofika 2023 ilikuwa imechanua saba, na yote saba madume. Ofisini tuliwaita mabwana harusi. Tulimtania Bi Samiha kwamba ameandaa sherehe akasahau bibi harusi, naye alicheka pamoja nasi, lakini si kama zamani. Mti mama wa mwisho wa Kwemdimu ulikuwa umekauka tangu 2021. Siku ile alikwenda kuushika gome, akarudi, hakunywa chai. Wote tulijua kwamba isipozaa ile ya Mnarani, uzao wa Kwemdimu umekwisha. Na yeye alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi.

Mwezi Mei mwaka huu aliingia masjala na sweta lake, akaweka karatasi mezani. Tunainukuu kwa idhini yake:

"Kwa Bwana Mkuu wa Kituo. Yah: Kujieleza. Niliihamisha miche ya Kwemdimu kwa sababu kwao kuliishinda. Mti namba kumi na nne ni jike na una matunda matatu, makubwa kama machungwa. Samahani kwa kuchelewa. Msambu hauharakishwi."

Bwana Edgar alikwisha kustaafu na anaishi Muheza. Ana miaka sabini na sita na anatembea kwa mkongojo. Mwandishi alimpelekea karatasi ile mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, akaandika pembeni kama enzi zake: "Maelezo yamekubaliwa. Nipelekeni nikaone."

Tulimpeleka Jumamosi tarehe 14 Juni. Gari lilifika lilipofika, kutoka hapo alikaa nyuma ya baiskeli ya Bi Samiha, tukasukuma. Chini ya mti namba kumi na nne alitazama juu. Kisha akavua kofia, akamgeukia mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na sita, akasema, "Shikamoo, Bi Samiha."

Hakuitikia. Alijifunika uso kwa mtandio akalia, nasi tukalia. Mwandishi huyu haoni haya kulisema hilo.

Bi Samiha anarudi Ngamiani, kwenye nyumba ya shangazi yake, karibu na bahari na mbali na baridi. Sweta ametuachia, limetundikwa stoo. Kona saba za Kwemdimu sasa tutazitembea sisi, na daftari lake tumekabidhiwa. Tunamshukuru kwa yote, hata kwa ule mlango wa choo.

Matunda ya Mnarani yataanguka vuli, mama yetu. Wahi, maana wale wataalamu wa porini hawangoji mwaliko, na mbegu za kwanza lazima uzifukie wewe. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na umri mrefu wa kuwaona wajukuu wa Kwemdimu wakichanua.

Shikamoo, Bi Samiha. Safari hii, itikia.

Luqmani Zubeiri
Masjala, kwa niaba ya wafanyakazi wote