Mukimo ya Watu Wawili

Akina mama wenzangu, sitaanza na wimbo. Nikiimba hasira itapoa, na leo nimekuja nayo ikiwa moto.

Nilizaa nikiwa Kidato cha Pili. Mwaka uliofuata nikarudi shule, ile ya kutwa huku Othaya, mtoto nikamwachia mama yangu. Nilidhani hesabu ndiyo itanishinda. Kumbe ni maziwa. Mtoto akilia nyumbani, ni kama kifua changu kilimsikia kutoka darasani. Shati inalowa. Nikawa mtu wa sweta, jua liwake lisiwake.

Siku moja, wakati wa michezo, tukaambiwa tuvue sweta. Kulikuwa na msichana mmoja, simtaji jina, anajijua. Alitazama shati yangu akapiga makofi. "Ati kumbe tuko na gredi darasani!" Gredi, ile ng'ombe ya maziwa. Uwanja mzima ukalia, "Mooo!"

Na huyo ndiye aliyekuwa akitupakulia githeri ya mchana, mahindi na maharagwe. Mnajua, anayeshika mwiko ndiye serikali. Sahani yangu ikawa inakuja na mahindi matupu. "Ng'ombe hukula mahindi," akasema. "Maharagwe ni ya watu."

Nikahamia nyuma ya tangi la maji. Huko nilikula peke yangu, siongei na mtu, najinusa kwapa na kifua kama mwendawazimu. Muhula haujaisha, nikamwambia mama, "Sirudi."

Alikuwa anaponda viazi na mahindi ya mukimo. Hata mwiko hakuuweka chini. "Utarudi. Na kesho utabeba mukimo ya watu wawili."

"Wa pili ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Ni wewe unasoma huko."

Darasani kwetu kulikuwa na msichana wa Nanyuki, Mwislamu, aliyekuja kukaa na shangazi yake. Naye alikula peke yake, mtandio umemfunika hadi mabegani. Nawaambia, kumwendea niliogopa kuliko siku ya kuzaa.

"Hiyo iko na nyama?" akauliza.

"Iko na viazi, na hasira."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilipomweleza habari ya gredi, akafyonya. "Babangu huuza ng'ombe. Gredi ndio bei kali soko yote. Hao wanacheka kitu hawawezi kununua."

Kesho yake akaniletea mtandio wake wa pili nijifunike kifua. Wiki iliyofuata akaja msichana mmoja wa kigugumizi. Kisha mwingine aliyefiwa na mama. Mama yangu akabadilisha sufuria, akachukua kubwa. Hata wale waliolia "mooo" wakaanza kuchungulia nyuma ya tangi, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na vicheko.

Siku moja akaja yule mpakuaji mwenyewe, sahani mkononi. Meza yake ilikuwa imebaki tupu. "Nionjeshe tu," akasema.

Nikamwambia imeisha.

Haikuwa imeisha. Aliiona. Mnataka niseme nilimpa, ili mpige makofi? Sikumpa, na ile mukimo ndiyo tamu kuliko zote nimewahi kula.

Asante, mama, kwa mwiko wako. Asante, rafiki yangu wa Nanyuki. Mtandio wako sijaurudisha, na siurudishi. Na wewe unayejificha leo, usingoje kupendwa. Beba chakula cha wawili, umtafute mwenye njaa kama yako.

Sasa nimalize. Yule msichana aliyeniita gredi amejiunga na kikundi chetu leo. Ameketi pale nyuma na mtoto mchanga, amevaa sweta na jua lote hili. Jana niliposikia anakuja, usiku kucha nilikuwa najifunza kulia "mooo". Iko hapa kwenye ulimi, imeiva.

Dada, sijakusamehe. Lakini mtoto wako analia, na mimi najua kwa nini huvui hiyo sweta. Njoo uketi hapa mbele, unyonyeshe. Na yeyote atakayecheka, atanijua.