Marehemu Profesa Dekow Alio na Mahari ya Kila Mwaka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetuazima Aabo, baba yetu, miaka sabini na minne kisha akamchukua kwa upole. Alhamdulillahi.

Marehemu alizaliwa mwaka 1929 karibu na Modogashe. Mwezi hakuna aliyeuandika. Nyanya alisema tu kwamba mvua ilikuwa imenyesha na ngamia walikuwa na maziwa. Alihitimu Qur'ani, akasoma shule Isiolo hadi 1947, na mwaka 1950 akaajiriwa karani wa pasi kwenye kivuko cha mto Tana, Garissa. Siku hizo za ukoloni mtu wa jamii yetu hakuvuka bila pasi, karatasi ya serikali.

Agosti 1951 alifika mjane kijana, Kaaha Abkul, akimpeleka hospitali ya ng'ambo ya mto mtoto wake aliyevimba jicho.

"Pasi yako iliisha jana, dada. Rudi ofisini."

"Jana nilikuwa njiani nakuja kwako!"

"Sheria ni sheria."

"Haya, liambie jicho lisubiri."

Aliporudi na pasi mpya siku ya nne, jicho lilikuwa limekufa. Marehemu aliwavusha mwenyewe, akangoja nao hospitalini, na kiti kile cha ukarani hakukikalia tena. Mtoto huyo ni mimi, Nurto, ninayewasomea haya.

Mwaka 1954, akiwa mwalimu, alikuja kumposa Mama. Wazee walicheka. Mama hakucheka.

"Ngamia mpe mjomba wangu," alimwambia. "Mahari yangu mimi ni hii: kila mwaka, mpaka ufe, utasimama mbele ya watu useme ulichonifanyia. Bila kupunguza."

"Watu gani?"

"Utawatafuta. Si wewe ndiye msomi?"

Akakubali. Mimi alinilea kama damu yake. Akinifundisha kusoma, daima alikaa upande wa jicho langu zima.

Alisomea sheria Khartoum kuanzia 1958, baadaye akafundisha chuo kikuu Nairobi. Kuanzia 1981 hadi 1994 aliongoza Programu ya Haki za Binadamu, akiwaweka darasa moja wanafunzi wa sheria, udaktari, dini na mifugo. Wenzake walinung'unika: "Profesa, daktari wa ng'ombe anahusika vipi hapa?" Jibu lilikuwa somo lake la kwanza kila mwaka:

"Mimi ndiye niliyemrudisha Kaaha. Daktari angeliona jicho. Sheikh angemwona yatima. Mtu wa mifugo angejua ni mwendo wa siku ngapi kutoka malishoni. Mwanasheria angeuliza amri ile ilimfaa nani. Mimi peke yangu niliona tarehe."

Novemba 2002 kiharusi kilimchukua ulimi. Februari wanafunzi wake walikuja nyumbani kwetu Galbet, Garissa, kusikia somo lile la kila mwaka. Alijaribu kusema, midomo ikakataa, machozi yakamtoka. Mama akamwekea mto vizuri.

"Tulia, mzee. Mwaka huu nitasema mimi."

Akasema yote bila kupunguza, tena akaongeza jambo ambalo Aabo hakulitaja hata mara moja: kwamba alituvusha yeye mwenyewe.

Alituacha Jumatatu, tarehe 10 Machi 2003, baada ya swala ya alfajiri. Ameacha mjane, Mama Kaaha. Watoto watano, mimi nikiwa mkubwa wao. Wajukuu kumi na tisa. Na wanafunzi ambao Mungu ndiye anayejua idadi yao.

Kabla ya kumswalia, sheikh aliuliza kama yupo anayemdai marehemu. Mama alinituma nipeleke jibu lake, nami nalirudia hapa ili wote mlisikie:

"Mahari yangu nimeipokea yote. Mwacheni apumzike."