Wegesa Kisyeri na Vihisi Vinavyooza Udongoni

Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na familia. Wiki iliyopita Wegesa alikuwa akituagiza ndizi za Tarime. Leo tunamtaja kwa "alikuwa". Hatujazoea, wala hatujaamini.

Marehemu Wegesa Kisyeri alizaliwa tarehe 3 Juni 1990 kijijini Nyamwaga, wilayani Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Rubeni Kisyeri na Mama Bhoke. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari Musoma, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu kemia mwaka 2014. Alikuwa mbishi tangu utotoni: akiambiwa chungu kina moto, lazima akiguse.

Kwa miaka yake ya mwisho alifanya kazi katika maabara ndogo mjini Mugumu, akitengeneza vihisi vya jeli. Ni vipande laini vyenye maji mengi, alivyovipika kwa jelatini ya ngozi za ng'ombe. Kikibandikwa kifuani, kipande kinahisi kila pigo la moyo na kuchora mstari kwenye simu. Kikifungwa kwenye vidole vya roboti laini, roboti inashika yai bila kulipasua. Kazi ikiisha unakifukia, kinaoza, hakuna taka. Ili kupima kuoza huko, Wegesa alivifukia kwenye shamba la mihogo la mama yake. Kuku wakavifukua, wakala vyote. Mama Bhoke akampigia simu: "Wegesa, kuku wangu wamemaliza masomo yako. Sasa nao ni wasomi." Wegesa alicheka hadi akakaa chini.

Tarehe 15 Desemba 2018 alifunga ndoa na Ezekiel Simoni, dereva wa watalii, wa hapa Ikoma. Mungu akawajalia binti, Verdiana.

Kuhusu ugonjwa, tuandike nini? Hakulala kitandani hata siku moja. Tangu Februari alivaa kihisi chake mwenyewe ili kukijaribu, na mstari kwenye simu ukawa unaruka, unasimama, unaruka tena. Ezekiel alimwambia, "Mama Verdiana, mbona hii kitu inaonyesha hivi? Twende hospitali wakuone." Akajibu, "Si mimi, ni jeli. Jua la Ikoma linaikausha, na ikikauka inadanganya." Akapika nyingine, akaongeza glisirini ili ishike maji. Mstari ukaruka vile vile. Akapika tena. Aliijua jeli yake kwa kasoro zake zote, basi kila baya alilitwika jeli. Uchovu alisema ni kazi. Nasi tulimwamini, maana kwa vifaa hivyo nani angembishia?

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, alianguka maabarani akikoroga jeli mpya. Alifika hospitali akiwa ameshakata roho. Madaktari walisema msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa, ugonjwa unaoweza kurithiwa katika ukoo. Mwenzake wa maabara, Waitara, alichukua jeli iliyopikwa sufuria moja na ile aliyokuwa ameivaa marehemu, akaibandika kifuani mwake. Mstari ulitulia, pigo baada ya pigo. Jeli ilikuwa nzima. Waitara aliketi akalia. Ndipo Irine, mdogo wake marehemu, akasema, "Nibandike na mimi." Mstari ukaruka.

Marehemu ameacha mume, binti, wazazi, kaka wawili na Irine. Kwa desturi yetu, ndugu wa tumbo moja haondoki msibani kabla ya kuanua tanga. Jana wazee wa Nyamwaga na wa Ikoma walikaa, wakabishana sana. Mama Bhoke akawaambia, "Mmoja namzika kwa kungoja. Huyu aende." Kwa hiyo msishangae mkimwona Irine akitupa udongo wake na kupanda gari la Mwanza. Daktari wa moyo anamsubiri.

Pumzika kwa amani, Wegesa. Safari hii tumekiamini kihisi chako.