Wenceslaus Masatu na Ukurasa wa Nyuma

Ndugu waombolezaji, mimi Ryoba Nyamburi, shemeji wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea safari ya maisha ya mpendwa wetu Wenceslaus Masatu, kwa tarehe alizoziandika mwenyewe akiwa wodini.

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 3 Mei 1941, akamaliza darasa la nane Musoma mwaka 1957, na mwaka 1962 akaajiriwa karani wa ghala la pamba hapa Bunda. Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na dada yangu Getruda, wakajaliwa watoto watatu, Marcelina, Boniphace na Hana.

Mwaka 1979 alichaguliwa katibu wa timu yetu ya Nyasura, iliyoshiriki Kombe la Taifa, ambamo timu zilianzia wilayani, zikapanda mkoani, kanda, hadi taifa, kwa mtoano wa nyumbani na ugenini, na waliokwenda sare walikutana mara ya tatu katika uwanja wa kati. Fainali ya mkoa ya mwaka 1983 tulitoka bao moja moja na timu ya Musoma hapa nyumbani, marehemu akatuagiza tukalinde sare kwao ili tumalizane uwanja wa kati, Butiama, nasi tukalinda kufa na kupona, mimi nikiwa golini, mechi ikaisha bila bao, tukakumbatiana kwa furaha. Kumbe waraka wa mashindano wa mwaka ule, kwa shida ya mafuta, ulikuwa umefuta mechi ya tatu na kumpitisha mwenye bao la ugenini, ila karatasi zilikuwa adimu, maneno hayo yakachapwa mgongoni, na marehemu hakugeuza; bao la Musoma hapa kwetu likatutoa.

Tangu hapo kila barua aliyoandika ilikuwa na neno GEUZA chini, hata ya posa ya Boniphace, wakwe wakageuza wasione kitu. Watu walicheka. Mimi nilinuna miaka kumi na moja.

Mwaka huu, soko la pamba lilipofunguliwa kwa watu binafsi, alipunguzwa kazini, kisha figo zikamsumbua, akalazwa Musoma, akafariki Ijumaa tarehe 18 Novemba 1994, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyasura, wafanyakazi wenzake wa ghalani na wachezaji wote.

Karatasi hii ya tarehe nayo ina GEUZA chini. Nimegeuza, shemeji, nimekuta jina langu tu, Ryoba, na kalamu imeishia hapo. Nilikusamehe siku nyingi nikakaa kimya, na kosa hilo ni langu.

Katibu wetu, pumzika kwa amani.